Chozi, Mwanga na Subira

Vijana wapendwa, leo tujifunze kuwapiga picha ndege wadogo kwa karibu, kwa mwanga wa jua tu. Usicheke, somo hili lina mambo ya roho ndani yake.

Tumchukue chozi, yule ndege mwenye mdomo uliopinda anayefyonza maua. Dume ukimwona kwa mbali unaweza kudhani ni mweusi tu. Subiri ageuke kidogo: kumbe shingo inang'aa kijani au zambarau! Mng'ao ule hutokana na jinsi manyoya yake yalivyoumbwa kuakisi mwanga. Jua likikaa vibaya, huoni kitu.

1. Wahi. Kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi jua liko chini na mwanga ni laini. Liache mgongoni kwako.

2. Kaa, usimfukuze. Chozi hupenda kurudi kwenye maua yaleyale. Chagua ua moja, tulia. Lenzi ya milimita 400 itakusogeza bila miguu yako kusogea. Lenga jicho, na kasi iwe 1/1000 ya sekunde au zaidi, maana huyu hatulii.

3. Heshimu kiota. Hapa ndipo penye mtihani. Wapo wanaokata matawi yanayokifunika kiota ili mwanga uingie. Picha inatoka safi, ila makinda wanabaki kwenye jua kali, kunguru anawaona, na mama akitishwa sana anaweza asirudi. Yaani makinda wafe ili sisi tupate laiki?

Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba Mungu aliumba viumbe vya aina nyingi kwa sababu kiumbe kimoja kisingetosha kuonyesha wema wake. Basi hata chozi ana sehemu yake ya kutuonyesha. Tukimwua kwa ajili ya picha, tumeifuta sehemu hiyo.

Mimi dakika kumi za kwanza huiacha kamera imezimwa, natazama tu. Inanisaidia hata kwenye kuabudu Ekaristi, siku ambazo nakaa kanisani na sihisi chochote.

Zoezi la Jumamosi: kaa nusu saa mbele ya ua moja, kisha jiulize:
- Ningebaki hapa hata kama nisingepata picha?
- Katika sala, namtafuta Mungu au natafuta cha kuonyesha watu?

Mungu awabariki.