Geti likilia, kaa

*Shikamoo Shangazi. Nina mimba ya miezi minane, ya kwanza. Miguu imevimba hadi kandambili hazinitoshi, kiungulia hakinipi usingizi, na usiku misuli ya mguu inakaza mpaka nalia. Kliniki wanasema presha iko sawa, nipumzike. Nitapumzikaje? Mama mkwe amekuja kutoka Lushoto kunisaidia, yuko hapa wiki ya tatu. Nikijaribu kukaa, nikisikia tu anafungua geti, nainuka nashika ufagio. Nipe dawa ya miguu.*
*Mama Kijacho, Mbagala*

Marahaba, mwanangu. Miguu kwanza, maana haina maneno mengi. Ukikaa, iinue. Ukilala, lala kwa ubavu, mto katikati ya magoti. Kula kidogo kidogo, na usijilaze mpaka zipite saa mbili au tatu baada ya chakula. Msuli ukikaza, nyoosha mguu, vuta vidole vije upande wako. Udongo wa kutafuna uache dukani. Vidonge vya kuongeza damu usiviache. Lakini uso na mikono vikivimba ghafla, kichwa kikagoma kutulia, macho yakaona ukungu, kimbia hospitali siku hiyo hiyo, hata kama juzi presha ilikuwa sawa; kifafa cha mimba hakingoji tarehe ya kliniki. Mtoto akipunguza kucheza, au ukiona damu, vivyo hivyo.

Sasa tuje kwenye ufagio.

Unaandika kama askari wa zamu aliyesikia buti za mkubwa wake. Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta neno moja baya alilolisema mkwe wako. Sikulipata. Mama wa watu kapanda basi kuja kukusaidia, nawe unamkalisha kwenye kochi akutazame ukifagia! Mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Huyu yuko wiki ya tatu, hata ufagio hujampa.

Mimi mwenyewe, mimba ya pili, nilitwanga kisamvu mwezi wa tisa ili wifi asije akasema. Hakusema. Miaka kumi baadaye ndipo akaniambia alidhani sipendi mtu aguse kinu changu. Miaka kumi, mwanangu, na mgongo ulikuwa wangu.

Hiyo sifa ya uchapakazi unayoililia hakuna anayekudai. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi kwa malipo, na anaruhusiwa kuianza wiki nne kabla ya tarehe ya kujifungua. Bosi asiyeujua hata ukoo wako angelazimika kukuachia upumzike. Wewe, sebuleni kwako, umejiajiri kwa mwajiri usiyewahi kumuuliza anataka nini.

Mumeo ajue pia, lakini usimtume kwa mama yake. Maneno ya kutumwa hufika yameshachacha.

Leo jioni geti likilia, kaa. Miguu iwe juu ya kigoda, mkwe wako aione ilivyovimba. Mwamkie ukiwa hapo hapo, kisha umwambie: “Mama, miguu imenishinda, naomba unisaidie kufagia uwanja.” Halafu nyamaza, usiongeze kuomba radhi. Akinuna, niandikie tena. Hiyo itakuwa barua nyingine.