Biskuti Laini za Pasaka Zisizookwa: Jihadhari na Unga Mbichi

Pasaka huja wakati wa mvua ya masika. Watoto hushinda ndani tangu Ijumaa Kuu hadi Jumatatu, na wazazi hutafuta la kuwashughulisha nalo. Biskuti zisizookwa zinafaa sana, hasa kwa kuwa nyumba nyingi za kupanga mijini hazina joko. Lakini pasipo moto, hakuna kinachoua viini. Kiungo kikiingia kichafu, kitaliwa kikiwa kichafu.

Miaka kadhaa iliyopita, Jumatatu ya Pasaka, mama mmoja aliniletea watoto wawili waliokuwa wakihara na kutapika. Walikuwa wameshinda wakilamba kinyunga cha unga wa ngano na mayai mabichi. Siwezi kuapa kwamba kinyunga ndicho kilichowadhuru, kwani hatukukipima, lakini ndicho nilichoshuku kwanza. Wengi hujua kwamba yai bichi laweza kuwa na viini vya salmonela. Wachache hujua kwamba unga wa ngano nao ni chakula kibichi. Ngano hutoka shambani, ambako kuna kinyesi cha wanyama, na kusagwa hakuui viini. Huko Marekani, mwaka wa 2016, watu zaidi ya 60 waliugua kutokana na unga uliokuwa na bakteria aina ya E. koli. Kuukaanga kidogo nyumbani si dawa, kwa sababu joto halifiki kote kwa usawa.

Kwa hiyo mimi hupendekeza oti, ile nafaka ya uji wa asubuhi, kwani hupitishwa kwenye mvuke kiwandani. Chukua vikombe 3 vya oti zinazoiva haraka, kikombe 1 na nusu cha sukari, nusu kikombe cha maziwa, nusu kikombe cha siagi, robo kikombe cha kakao na nusu kikombe cha siagi ya njugu. Tia sukari, maziwa, siagi na kakao katika sufuria, ukoroge kwa moto wa wastani. Mchanganyiko ukitokota kote, hesabu dakika moja, uepue. Ulaini unatokana na dakika hiyo. Ukizidisha, biskuti zitakauka na kumeguka. Ukiepua mapema, hazitashikana. Ongeza siagi ya njugu, kisha oti, uteke kwa kijiko na kupanga kwenye sinia lililopakwa siagi. Baada ya nusu saa zitakuwa zimeganda.

Watoto wapime viungo, lakini wasikaribie sufuria. Sukari iliyochemka ina joto kuliko maji yanayochemka, tena hunata kwenye ngozi. Akiungua mtu, mwagia maji baridi ya mfereji kwa dakika 20, wala usimpake dawa ya meno.

Ukisaga njugu mwenyewe, zichambue moja moja. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu, zitupe. Ukungu huo hutoa sumu ya aflatoksini ambayo kukaanga hakuimalizi, na ambayo ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka huweza kuleta saratani ya ini. Ni sumu hiyo hiyo, katika mahindi, iliyoua watu zaidi ya 100 mwaka wa 2004, hasa Makueni na Kitui. Usiwape watoto wa chini ya miaka 5 njugu nzima, kwani huweza kuwasakama. Na ukitumia asali, asionje mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja.

Kipimo hiki hutoa biskuti kama 30, kila moja ikiwa na gramu 10 za sukari. Shirika la Afya Duniani lasema ni bora mtu mzima asizidi gramu 25 hivi kwa siku. Hizo ni biskuti mbili na nusu, na chai bado hatujaihesabu.

Mtoto akianza kuhara, mpe maji ya chumvichumvi yanayouzwa kwa pakiti, kidogo kidogo. Ukiona damu kwenye choo, au akikosa kukojoa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Usimpe vidonge vya viuavijasumu vilivyobaki kabatini, kwa sababu kuna aina za E. koli ambazo dawa hizo huzidisha hatari ya figo kuharibika.