Jiwe la Ivuna na Maswali ya Watoto Wetu

Somo: Mwanzo 1:1–25



Katika darasa la Kipaimara kijana mmoja wa sekondari alituuliza kama ni dhambi kuandika katika mtihani yale aliyofundishwa juu ya mwanzo wa uhai. Shuleni amesikia kwamba uhai ulitokana na kemikali. Nyumbani ameambiwa azibe masikio. Basi huingia darasani kwa hofu, na kanisani kwa hofu vilevile. Twaona si haki kumtwika mtoto mzigo huo.

Tutazame kwanza yanayojulikana. Tarehe 16 Desemba 1938 kimondo kilianguka Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Kilichookotwa kilikuwa na uzito wa gramu 705 tu. (Msikichanganye na kile kikubwa cha Mbozi, ambacho ni cha chuma.) Jiwe la Ivuna ni jeusi, lina kaboni, na madini yake yameshika maji, hata aina nzima ya vimondo vya namna hiyo imepewa jina la Ivuna. Mwaka 2001 wataalamu walitangaza kwamba wameona ndani yake asidi amino, mojawapo ni glisini. Asidi hizo ndizo zinazoungana kufanya protini za miili yetu.

Zamani kidogo, mwaka 1953 huko Chicago, mwanafunzi Stanley Miller alitangaza jaribio lake. Alitia maji, methani, amonia na hidrojeni katika chupa, akapitisha cheche za umeme mfano wa radi. Baada ya juma moja asidi amino zilikuwa zimetokea zenyewe.

Lakini tofali si nyumba. Mpaka leo hakuna aliyeweza kutoa chembe hai katika vitu visivyo na uhai. Mwalimu mwema huwaambia wanafunzi yote mawili. Nasi tusishangilie pengo hilo na kusema Mungu yumo humo. Maana likizibwa kesho, tutamweka wapi?

Someni tena mstari wa 11, wa 20 na wa 24. Mungu aiamuru nchi itoe mimea na wanyama, nayo maji yaamriwa vivyo hivyo. Sura hii yatuambia ni nani aliyeamuru. Njia ambayo nchi iliitii haikuelezwa, na hiyo ndiyo wanayoitafuta wenye maabara. Kweli, katika kikundi chetu wako wanaoshika kwamba siku zile zilikuwa za saa 24, na hatukupatana. Tulipatana hili tu, kwamba kijana aandike mtihani wake bila hofu, na mwalimu wake asisengenywe barazani.

Jumapili ijayo baada ya ibada, vijana waje na madaftari yao ya Biolojia, na wazazi mje na Biblia. Yule kijana atatuchorea ubaoni chupa ya Miller.