Limfoma ya Seli B Inapoonyesha Alama ya Seli T

Swali: Daktari, baba yetu ana miaka 72. Tezi ya shingoni ilipopimwa, ripoti ya kwanza ilisema ni limfoma ya seli T. Hospitali nyingine ikasema ni ya seli B, yenye virusi vya Epstein-Barr. Tushike ipi?

Jibu: Huenda wote wameona kitu kilekile. Seli B hutambulika kwa protini kama CD20, CD79a na PAX5; seli T kwa CD3. Maabara huweka kingamwili kwenye slaidi, na penye protini inayotafutwa hutokea rangi ya kahawia. Sasa, limfoma ya seli B yenye virusi hivi mara chache hujitokeza na CD3, na pengine CD20 ikafifia. Aliyepima alama mbili tatu tu atasema seli T, na simlaumu sana.

Kuna mtego mwingine. Uvimbe huu hujaa seli T ndogo za kawaida, nazo lazima zigeuke kahawia kwenye kipimo cha CD3. Cha kukazia macho ni seli kubwa zenyewe: CD3 imo ndani yake, au ni ya jirani aliyebanana nazo? Nikiona PAX5 na CD79a kwenye seli hizo kubwa, naegemea seli B. Kipimo cha EBER huonyesha kama virusi vimo humo humo. Ubishi usipoisha, hupimwa jeni za seli.

Swali: Atatuambukiza?

Jibu: Limfoma ni saratani, na saratani haiambukizi. Virusi hivyo huenezwa kwa mate, na zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani tayari wanavyo.

Swali: Mbona vimemwamkia uzeeni?

Jibu: Hujificha ndani ya seli B maisha yote, na kinga huvidhibiti. Umri ukienda, ulinzi hulegea. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani liliuita ugonjwa huu wa wazee, yaani waliopita miaka 50. Baadaye neno hilo likaondolewa kwa kuwa vijana nao huupata. Baba apimwe VVU pia, maana upungufu wa kinga unaojulikana huupa ugonjwa jina jingine.

Swali: B au T, kwa mgonjwa kuna tofauti?

Jibu: Kubwa. Dawa ya rituximab hushika CD20, na kwa limfoma kama hii huongezwa kwenye mchanganyiko wa dawa za kemotherapi uitwao CHOP. Akihesabiwa wa seli T, ataikosa. CD20 isipokuwepo kabisa, dawa hiyo haina pa kushika. Ulizeni na protini ya CD30, kwani nayo ina dawa yake. Hali yake ikiruhusu, kabla ya dripu ya kwanza ya dawa ombeni kipande cha tezi kilichohifadhiwa kwenye nta, kisomwe upya na mpatholojia aliyezoea limfoma.