Somo: Hoja ya Mlangoni na Hoja ya Kikaoni
Diwani, awe wa Rungwe au wa Kilolo, ni jirani: ana shamba la mahindi, ana watoto wa shule. Wakazi humfuata alfajiri nyumbani kwake, au msibani, kumweleza kuwa bomba la kijiji limekauka. Si kosa; lakini neno la mlangoni halina muhtasari.

Hoja ianzie kwenye mkutano mkuu wa kijiji na iandikwe. Mwenyekiti wa kijiji huifikisha kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani na katibu wake ni mtendaji wa kata. Kutoka hapo, diwani huisimamia katika Baraza la Madiwani.

Baraza hukutana walau mara moja kila miezi mitatu. Hoja isiyoandikwa husubiri robo nyingine, na bomba nalo husubiri.