Istilahi za Sayansi Mpya: Neli za Kaboni katika Kisafishahewa cha Umemetuli

Ipo dhana miongoni mwa baadhi ya wasomi kwamba Kiswahili hakimudu sayansi mpya. Makala haya yanaipima dhana hiyo kwa kueleza kifaa kimoja: kisafishahewa cha umemetuli.

Msingi wa kifaa hiki si mgeni. Mwaka 1908, Frederick Cottrell wa Marekani alipata hataza ya mtambo wa kunasa chembechembe za moshi wa viwandani kwa umeme. Waya wenye volteji kubwa huitia chaji hewa iliyo karibu nao. Vumbi lipitapo huichukua chaji hiyo, likavutwa na bamba lenye chaji kinyume na kunata hapo. Kasoro yake ni kwamba umeme huo huzalisha pia ozoni, gesi inayodhuru mapafu.

Hapa ndipo zinapoingia neli nano za kaboni, ambazo Sumio Iijima wa Japani alizieleza mwaka 1991. Atomi za kaboni hujipanga mithili ya karatasi iliyokunjwa ikawa mwanzi. Neli yenye ukuta mmoja huwa na kipenyo cha takriban nanomita 1, yaani sehemu moja ya bilioni ya mita. Kwa kuwa uga wa umeme huwa mkali zaidi penye ncha nyembamba, elektrodi iliyooteshwa neli hizi huweza kutoa chaji kwa volteji ndogo. Hivyo hutarajiwa kupunguza ozoni.

Katika maelezo haya, 'uga' na 'neli' yamepanuliwa maana, 'ozoni' na 'kaboni' yametoholewa, nayo 'kisafishahewa' na 'umemetuli' yameundwa kwa kuambatanisha maneno. Wapo wanaopendelea 'nanotyubu'. Utohozi huo ni mwepesi, lakini humficha msomaji umbo la kitu chenyewe. Na umbo ndilo lenye hoja: neli ndefu na ngumu zikivutwa kwa pumzi huhofiwa kudhuru kama nyuzi za asbesto. Mwaka 2014, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka aina moja ya neli hizo katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani.

Msomaji wa 'neli' ataweza kuuliza: je, zikibanduka kwenye elektrodi, zitaishia wapi? Msomaji wa 'nanotyubu' ataona jina tu. Istilahi bora, basi, ni ile inayomwezesha mtumiaji wa lugha kuihoji sayansi, si kuitaja tu.