Saumu ya Sunna na Nguvu za Mwili

Sayyidna Abdallah bin Amr bin Al-As alitaka kufunga kila siku. Mtume (s.a.w.) akamkumbusha kuwa mwili wake una haki juu yake, mwisho akamruhusu saumu ya Nabii Daud (a.s.), siku kufunga, siku kula. Na Daud hakuwa akikimbia akutanapo na adui.

Basi mwenye kuanza kufunga Jumatatu na Alhamisi asiache daku. Mchana, mwendo wa miguu wamtosha. Mambo ya kukimbia na kunyanyua vizito na yangoje baada ya kufuturu, hata mwili uzoee. Akishikwa na kizunguzungu, na afungue: kwa madhehebu ya Imamu Shafi, saumu ya sunna iliyokatwa si wajibu kuilipa. Abdallah, alipozeeka, alitamani lau angaliipokea ruhusa ya Mtume. Wallahu aalam.